Ukuta wa Mtihani

Jumatatu, 7 Juni 1954

Darasa la uashi, saa mbili asubuhi. Vijana kumi na wawili. Tumejenga kona ileile ya Ijumaa, tumeibomoa, tumeijenga tena. Simiti ilikwisha Aprili, tunatumia udongo. Mtihani wa serikali ni mwezi huu na hatuna ukuta wa kufanyia. Mkuu wa chuo yuko Nairobi kuomba fedha. Vumbi la ziwa lililokauka limeingia mpaka kwenye chai.

Mmoja wao, Wanyoike, alijenga kona yake bila timazi, ile kamba ya kupimia unyofu. Nikaipima. Imenyooka kabisa. Nimefundisha miaka sita, sijaona mkono kama ule.

Alhamisi, 10 Juni

Mkuu amerudi. Fedha za mafunzo zimekwenda kwenye Hali ya Hatari, kupigana na wapiganaji wa msituni. Lakini serikali itatupa mawe, simiti na msimamizi wa mtihani, kwa sharti moja: vijana wajenge ukuta wa kambi mpya ya mahabusu, njia ya Njoro.

"Ni mafunzo kwa vitendo," alisema.

Nilikuwa nafikiria vyeti. Bila cheti vijana hawa watakuwa vibarua maisha yao yote.

Ijumaa, 11 Juni

Nimewaambia. Walipotoka, Wanyoike alibaki. Baba yake alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mzungu huko Subukia. Machi alichukuliwa na polisi kuhojiwa. Hajarudi, na hawajui alipelekwa wapi.

"Mwalimu, mimi siwezi kujenga pale."

Nilimwambia ukuta ni ukuta. Kwamba tukikataa, watajenga wengine. Kwamba mama yake hana mwingine wa kumtegemea. Nilisema mengi mno. Mwishowe akasema, "Sawa, Mwalimu. Kwa sababu ni wewe."

Nimeshinda. Sina raha.

Jumatano, 16 Juni

Siku ya tatu kambini. Mawe yamechongwa vizuri, simiti ni mpya. Vijana wanafanya kazi kama mafundi wazima. Nilijikuta napiga mluzi. Kisha nikaona waya wa miiba nikanyamaza.

Ijumaa, 18 Juni

Mvua. Tumefunika kazi kwa magunia. Mtihani Jumatatu.

Jumatatu, 21 Juni

Niandike sasa, nisije nikabadilisha.

Msimamizi alifika saa tatu, akampa kila mmoja kipande chake cha ukuta. Mahabusu walikuwa wanatuletea mawe kutoka kwenye lori. Karibu saa nne mzee mmoja akaanguka na jiwe lake mbele yetu. Amekonda, kichwa kimenyolewa. Wanyoike akaweka mwiko chini.

"Baba."

Alimwinua, akamkalisha kando, akabeba lile jiwe yeye mwenyewe. Akarudi akabeba la pili. Askari akamwambia arudi kwenye mtihani wake.

"Nikimaliza zamu ya baba," akasema.

Walimpiga kwa rungu. Niliinua mkono. Nikaushusha. Sikutoa neno, mimi niliyekuwa na maneno mengi ile Ijumaa. Kabla ya saa sita alikuwa ndani ya uzio pamoja na baba yake. Msimamizi akatazama ukuta wa Wanyoike uliofika kiunoni, akaandika sifuri.

Wengine kumi na mmoja wamepita.

Jumanne, 22 Juni

Serikali imefurahi. Fedha zimepatikana, na mwezi ujao darasa la uashi litaongezwa. Mkuu alitaka ripoti yangu: kwa nini mmoja hakumaliza? Neno alinipa mwenyewe. "Alitoroka."

Nikaliandika. Nikatia sahihi.

Mimi ni mwoga.

Jumatano, 23 Juni

Nilikwenda ofisini mapema kuomba nirudishiwe ile ripoti. Imekwisha kupelekwa Nairobi.

Jumamosi, 3 Julai

Mama yake Wanyoike amekuja. Alipanda lori la maziwa kutoka Subukia, na kibali cha mwenye shamba cha siku moja tu. Alikaa kwenye benchi la karakana, viatu mkononi.

"Kambini wanasema alitoroka masomo. Wanasema mtu safi hatoroki, kwa hiyo hawamwachilii. Ni kweli alitoroka, Mwalimu?"

Neno langu. Linamfunga.

"Hapana, mama. Alimsaidia baba yake. Na mimi ndiye niliyemsukuma aende pale."

Hakulia. Hakunitukana, na ningeshukuru angenitukana. Alikunywa maji, akajifuta mdomo kwa leso.

"Basi andika hivyo."

Niliandika yote: jiwe, rungu, na kwamba ripoti yangu ya kwanza ni uongo. Nilipofika kwenye sahihi nilisimama kidogo. Nina mke na watoto watatu kwetu Maragoli. Mama hakuniharakisha. Nikatia sahihi.

Aliikunja karatasi mara nne, akavaa viatu, akaenda nayo ofisi ya wilaya.

Jumatatu, 12 Julai

Wanyoike hajaachiliwa. Karatasi ilipokewa, mama yake amenitumia salamu hizo kwa dereva wa lori. Zaidi ya hapo hajui.

Mkuu hanisalimii tena. Karani ameninong'oneza kwamba mwisho wa mwezi ndio mwisho wa kazi yangu hapa. Nimemwandikia mke wangu. Sikueleza sana.

Darasa jipya limeanza, vijana ishirini. Mawe sasa ni tele. Leo nimewafundisha kulowesha jiwe kabla ya kulilaza, ili lisinyonye maji ya simiti. Wengi walielewa upesi.

Manyunyu jioni. Nimefagia karakana mwenyewe, nikafunga.