Nieleze Hilo "Regret"

Ikuti, 2 Machi 1993

Mwanangu Tulia,
Ugonile? Sisi wazima, ila mvua haitupi nafasi. Baba yako mdogo Ambindwile ameoa, anaomba ile migomba yangu ya Kisondela. Nikimpa mbele ya wazee nimempa, sitaidai tena. Lakini huku kwenye mizani ya chai wanasema shirika letu linauzwa. Wewe ni mchapaji hapo makao makuu. Kazi yangu ipo au haipo? Nitafuata neno lako.
Baba yako

Dar es Salaam, 15 Machi 1993

Shikamoo baba,
Mimi sijambo, joto tu. Sijasikia lolote. Mpe baba mdogo hiyo migomba, na watu wa mizani waache na maneno yao. Nisalimie mama.
Mwanao Tulia

Ikuti, 20 Aprili 1993

Mwanangu,
Ugonile? Mwili wangu mzima. Nimeletewa barua ya Kiingereza. Mwalimu Andrea wa Ibighi amenisomea: kazi imekwisha, na nyumba ya shirika nihame mwezi wa sita. Migomba nilishampa Ambindwile siku ya Pasaka. Barua inaanza na neno "regret". Andrea anasema ni kujuta. Nieleze, nani huyo anayejuta?
Baba yako

Dar es Salaam, 3 Mei 1993

Shikamoo baba,
Pole sana. Nimelia. Hilo "regret" lisikusumbue. Kweli ni kujuta, au kusikitika, lakini ofisini linawekwa tu mwanzoni mwa habari mbaya. Mtu akinyimwa likizo, "regret". Saruji ikiisha ghalani, "regret". Bosi hulitamka huku anakunywa chai. Hakuna anayejuta, baba.
Mwanao Tulia

Ikuti, 19 Mei 1993

Tulia,
Barua yako nimeipata. Ile nyingine nimeirudisha kwa Andrea anisomee yote, maana mara ya kwanza nilimkatiza katikati. Juu kuna tarehe, 10 Machi. Chini kushoto kuna herufi mbili ndogo, t.a. Andrea akasema ni za mchapaji. Sikumwambia ni nani.

Uliipiga chapa tarehe kumi, na tarehe kumi na tano ukaniambia nimpe migomba. Najua mchapaji anatunza siri, na kazi hiyo uliipata kwa taabu. Siri zao sikuzihitaji. Ungeandika tu: baba, subiri. Nani angekufukuza kwa hilo?

Umeniumiza. Mama yako hajui, anakusalimu.

Neno lile usinieleze tena. Uliposema hakuna anayejuta, nilikuelewa.
Andongwisye