Kufuli Lililovaa Tai

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Wewe, Baba, hukusikia la mkuu, na tulikuzika na miguu yako yote miwili. Waliosikia ndio wanaochechemea mpaka leo.

Ni mwaka mmoja sasa tangu moyo wako uliposimama asubuhi ile, ukipiga pasi shati la kazi. Shati bado liko msumarini. Mama hataki liguswe.

Ulifundisha sanaa watoto wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, umri ambao wengine huuita wa utundu na wewe ukiuita umri wa macho. Ulikata violezo kwa wembe kutoka maboksi ya sabuni, ukala chakula kucha zikiwa za buluu. Mama akikuuliza, "Mume wangu, hiyo mikono ni ya kuoshwa au ya kuwekwa kwenye fremu?" ulimjibu, "Chagua wewe."

Jumamosi uliwatembeza wanafunzi mitaani. Hakuna aliyeshika brashi kabla ya kuangalia, kuuliza, na kumwomba ruhusa mwenye ukuta. Fundi viatu aliwapa ubavu wa kibanda chake, wakachora kiatu kikubwa kinachoruka mtaro wa maji machafu. Tangu hapo aliwaambia wateja, "Kiatu niulizeni mimi, mtaro kawaulizeni wakubwa."

Kisha mkuu wa shule akakupa ukuta wa mbele. Wageni walikuwa wanakuja, alitaka maua. Wanafunzi wako wakaizunguka shule yao kama walivyozunguka mitaa, wakachora walichokiona: foleni ya wasichana mbele ya vyoo vilivyofungwa ili wageni wavikute visafi. Mlangoni waliweka kufuli kubwa kama kichwa cha mtu, limevaa tai ya mistari ya kijani na njano. Shule nzima ilijua tai ile ni ya nani.

"Jamani, si mngeliacha kufuli bila tai?" uliwauliza.

"Mwalimu, wewe si ulisema tuchore tunachokiona?"

Ulipotusimulia nyumbani ulicheka mpaka ukafuta miwani kwa kitambaa chenye rangi, ukashindwa kuona sahani.

Mkuu hakucheka. Alitaka jina la aliyechora tai. Ukamwambia, "Andika langu." Ukuta ukapakwa chokaa, chumba chako cha sanaa kikafungwa, ukakabidhiwa stoo ya viti vibovu. Hukulalamika. Lakini ulianza kurudi nyumbani kucha zikiwa safi, na hilo ndilo lililotutisha.

Mazikoni, mkuu huyo huyo alikuita nguzo ya shule. Nilisimama nikamwuliza mbele ya watu, "Mkuu, vyoo umeshafungua?" Shangazi alinifinya mpaka nikabaki na alama.

Sasa ametuma ujumbe. Chumba cha sanaa kitafunguliwa na kupewa jina lako, mradi niombe radhi kwenye tangazo hili hili la kumbukumbu yako gazetini. Baba mdogo alikuja kunibembeleza. "Mwanangu, mstari mmoja tu. Ulimi hauna mfupa, hautavunjika."

Mama alikuwa anachambua mboga, hakuinua uso. "Shemeji, kabla ya hiyo radhi, muulize kitinda mimba wetu kwa nini siku za shule hanywi chai."

Akamwuliza. Mtoto akamjibu, "Nikinywa, nitajisaidia wapi?"

Unakumbukwa na mkeo. Mama yako mzazi. Mdogo wako, aliyeondoka bila kuaga baada ya jibu hilo la chai, kisha akarudi kusema asikosekane hapa. Dada yako mwenye vidole vya kufinya. Kitinda mimba wako. Na wanafunzi wako, ambao hawana tena chumba lakini macho wanayo. Tutakukumbuka daima, hata bila kibao mlangoni.

Nami, kifungua mimba wako, nimeandika haya kwa akili zangu timamu. Mkuu, nilikuuliza swali na bado hujanijibu. Radhi siombi.