Shemeji na Treni ya Saranda

Jumanne usiku, Kariakoo

Nitakufa siku si zangu kwa ajili ya huyu Aloyce. Kwa kuwa ni kaka wa mke wangu nimemvumilia miaka yote. Leo basi.

Jumamosi nilimpeleka Saranda, ujinga wangu. Pale juu ya kona ya reli, nyuma ya shamba la mtama, hapajui mtu isipokuwa mimi na wachunga mbuzi. Treni ya mizigo ikianza kupanda mlima, inanguruma mpaka kokoto zinatetemeka. Ndicho nilichofuata. Daktari wa Upanga ameshasema sikio la kulia limekufa na la kushoto linafuata. Naogopa. Nilitaka kuusikia ule mngurumo walau mara moja tena.

Treni ikatokea, na yeye akafungua mdomo! Simu mkononi, anatangaza kama yuko mpirani: "Oyaa wana, cheki dude linavyopanda!" Nina hakika hakunyamaza mpaka behewa la mwisho.

Leo kaja dukani, kakalia marobota yangu ya vitenge, anawaonyesha wateja video. "Shem, njoo usikie treni yako."

Nikaibandika simu kwenye sikio lililobaki. Nilitaka ushahidi wa kumtukania mbele za watu.

Aloyce anasikika mwanzoni tu, sentensi moja. Baada ya hapo, mlima mzima, mpaka behewa la mwisho, ni sauti yangu: "Nyamaza! Nakwambia nyamaza! Nyamaza, mbwa wewe!"

Treni haisikiki kabisa.