Bakuli la Gicheru, Mirija ya Baba

Jumamosi, 26 Novemba 2005

Wateja leo wawili. Mmoja alikuwa anauliza njia ya Endebess. Basi tuseme mmoja.

Huyo mmoja ni afisa wa kilimo. Nilimsomea kokteli zote kwa ile sauti yangu ya hoteli za Malindi, akanisikiliza kwa adabu, halafu akaagiza bia isiyotoka kwa friji. Nikamwekea kipande cha chungwa kando ya glasi, angalau tusifanane na kilabu cha pombe. Akakikataa. Ati yeye alipigia ndizi! Kura ya katiba, ndizi Ndiyo na chungwa Hapana, ilikwisha Jumatatu na watu bado wanabagua matunda. Nikamletea ndizi.

Mahali penyewe ni pazuri, sisemi uongo. Paa la nyasi, meza juu ya maji, mienge. Gicheru, mwenye mali, alifanya kazi Marekani kwenye mkahawa wa namna hii, wanauita tiki. Vinyago vya mbao vyenye meno, vinywaji ndani ya nanasi. Ati ni mtindo wa visiwa vya Pasifiki. Hapa Kitale umewekwa kando ya bwawa lililochimbiwa ng'ombe wa mzungu, na vinyago vimechongwa na fundi wa Kakamega. Fundi alisema hajawahi kumwona mtu wa Pasifiki, kwa hivyo kile cha mlangoni akakichonga kwa sura ya chifu wao.

Jioni vyura wakaanza. Sikuwa na wa kuongea naye, nikapanga chupa upya kwa urefu. Upweke umenizidi, nauandika hivyo hivyo.

Jumatatu, 28 Novemba

Gicheru amekuja na mpango. Sherehe kubwa siku ya pili ya Krismasi. Kutakuwa na bakuli moja kubwa, moto unawaka katikati, na watu wanne wanalizunguka wakinywa kwa mirija mirefu. Linaitwa Volkano. Ati huko Florida watu walikuwa wanapanga foleni.

Nilicheka hadi nikashika kaunta. Nikamwambia hiyo kitu kwetu Bungoma iko tangu babu wa babu. Chungu kimoja cha busaa, pombe yetu ya nafaka, wazee duara, kila mmoja na mrija wake — lusekhe — mrefu kumshinda mwenyewe, na mahali pake pa kukaa panapojulikana. Macho ya Gicheru yakawaka. Akataka hiyo hiyo mirija, ya kweli, si plastiki.

Mdomo wangu huu! Sikumwambia kwamba tangu nirudi kutoka Pwani sijakanyaga kwetu. Kutoka hapa hadi kwetu Chwele si safari. Lakini kaka yangu Wangila ameokoka, ni mzee wa kanisa, na aliposikia nimepata kazi kwenye baa ya vinyago alituma neno kwamba ananiombea. Hakutuma neno la karibu nyumbani. Mimi nami nikanuna, na kununa nikiamua naweza.

Alhamisi, 1 Desemba

Nimeenda. Nimerudi. Ngoja niandike kabla ya kusahau.

Mahindi yameanikwa hadi mlangoni. Mke wa Wangila, Mama Viola, alinichinjia kuku na kusonga ugali wa wimbi. Wangila amezeeka, nywele zote nyeupe. Tuliongea bei ya mbolea. Tuliongea Viola na masomo yake. Yeye hakuuliza kazi yangu, mimi sikuuliza maombi yake.

Chai ilipoisha nikasema: naomba mirija ya mzee, kama bado iko.

Nikajua mahubiri yanakuja, nikajipanga. Lakini alipanda kwenye kigoda, akateremsha kutoka paani ule mwanzi ambao marehemu baba alikuwa akihifadhia mirija. Ulikuwa na masizi. Akaupangusa kwa mkono wa shati lake, shati jeupe.

“Chukua yote,” akasema. “Wa mzee umo. Mimi sinywi tena. Ukiwa tayari, tuite.”

Nikashukuru. Nilidhani anasafisha nyumba, walivyo watu waliookoka, kila kitu cha pombe kitoke. Ila alinisindikiza hadi barabarani akiwa ameubeba mwanzi begani mwenyewe. Mwanzi mwepesi, na mimi mikono ninayo! Hakunipa mpaka gari liliposimama.

Wa baba nimeutambua. Una pete ya waya wa shaba karibu na mdomo. Aliufunga mwenyewe.

Jumapili, 4 Desemba

Kanisani. Nilikaa, na mama wawili wakahamia benchi la mbele. Pengine walitaka kumwona mhubiri vizuri. Pengine.

Nasimiyu, mhudumu wetu wa Kimilili, ndiye pekee anayeongea na mimi vizuri, na sasa ameenda kwao kuvuna. Mama yake akija kumtembelea kazini, Nasimiyu humfunika yule chifu wa mlangoni kwa kitambaa cha meza. Nilicheka peke yangu nikikumbuka, kisha nikaona si vizuri kucheka peke yangu.

Jumanne, 6 Desemba

Mirija haitoshei. Yaani imezidi. Ilitengenezewa chungu kilichokaa chini, watu wamejipanga mbali. Hapa kuna meza. Tulijaribu — mmoja ukagonga mwenge, mwingine ukaingia kwenye supu ya mteja. Gicheru akasema kata.

Nimekata. Msumeno wa chuma, taratibu, upande wa mdomo, kwa sababu upande wa chini ndio wenye kichujio. Sasa kila mmoja ni kama urefu wa mkono. Ulipoingia msumeno, harufu ilitoka. Moshi na busaa iliyochacha. Nyumba ya baba kabisa! Nilisimama kidogo. Kisha nikaendelea, kazi ni kazi.

Vile vipande vya juu Gicheru amevifunga kwa katani na kuvitundika ukutani kati ya vinyago. Vimependeza, nikubali.

Ijumaa, 9 Desemba

Kadi za mwaliko zimetoka, zina picha ya nanasi. Kila mfanyakazi amepewa moja ya watu wake. Wenzangu walijaza palepale. Mimi niliibeba mfukoni mchana mzima, halafu nikaandika jina la Wangila, na chini yake: soda ipo. Nimempa dereva wa lori la maziwa anayepitia Chwele.

Hatakuja. Lakini nimepata mtu wa kumwandikia.

Jumatano, 14 Desemba

Anakuja!

Wangila amepiga kwa simu ya Viola, akipaza sauti walivyo watu wasiozoea simu. Anakuja na mzee Wakonyo na mzee Wanyonyi — ndio waliobaki kati ya wale waliokaa na baba kwenye chungu. Ati umetuita vizuri. Alirudia: umetuita vizuri, Mukhisa.

Nimewawekea meza ya kona, iliyoingia majini, penye upepo mzuri. Nimecheza na ufagio. Mpishi alichungulia, akarudi jikoni.

Jumanne, 20 Desemba

Siku mbaya.

Nasimiyu amerudi kazini. Akaona ule mganda wa vipande ukutani, akauliza mirija hiyo ni ya nani. Nikamweleza huku nikicheka — mwanzi, msumeno, supu ya mteja. Yeye hakucheka. Aliweka trei chini, akagusa ile pete ya shaba kwa kidole.

Akaniuliza kama kwetu tunafanya tofauti na kwao. Kwao mrija wa mzee aliyekufa unakaa kwa mkubwa wa boma, hata miaka. Siku akimpa mtu, amempa kiti cha mzee kwenye duara. Halafu huyo aliyepewa ndiye anawaita wazee, na wao wakija wanamketisha.

“Kaka yako alikupa kiti, na wewe umekikata.”

Hatufanyi tofauti. Nilikuwa mtoto baba yangu mdogo alipopewa wake, nakumbuka vigelegele, nakumbuka nilipewa mfupa. Lakini niliondoka nyumbani kabla ya umri wa kuketi na watu wazima, na Pwani mrija ni kitu cha kutia kwa glasi. Wangila alifikiri najua. Mtu wa kwetu atakosaje kujua? Hanywi, ameokoka, na bado aliuhifadhi wa baba. Angeweza kumpa yeyote. Aliubeba begani hadi barabarani! Na mimi nikamwona kama mtu anayetupa takataka.

Yeye alisema tuite. Mimi nikatuma kadi yenye nanasi.

Nilijaribu kuunganisha ule wa baba kwa gundi na uzi. Ukapasuka kidogo, nikaacha. Nikapiga simu kuwazuia wasije. Mama Viola akashika, akaniambia mzee Wakonyo amefua koti lake na amekataa kulivaa hata kwenda kanisani mpaka siku yenyewe. Nikamtakia Krismasi njema, nikakata.

Mwaka mzima nimelia kwamba sina mahali pangu. Nilikuwa napo, kuanzia Alhamisi ile hadi Jumanne ya msumeno.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Tumefunga. Nasimiyu aliniachia chapati, bado ziko kwa sahani.

Niliuteremsha mganda ukutani. Gicheru akapita kukagua, akaurudisha mwenyewe. Ati unavutia. Sikubishana.

Jumatatu, 26 Desemba

Naandika nyuma ya kaunta, nyuma ya mananasi. Watu wamejaa. Leo ndio wamejaa!

Walifika saa nane. Wangila na suti ya kanisa, mzee Wanyonyi na fimbo, mzee Wakonyo na lile koti. Wakonyo alisimama mbele ya kinyago cha mlangoni, akakitazama, akasema huyu anamjua, aliwahi kumnyima kipande cha shamba. Nikawaelekeza meza ya kona.

Wangila akaona ukuta. Niliona anavyoona. Alisimama na kofia mkononi, watu wakimpita na sahani za samaki wa nanasi. Akaenda kuketi.

Nikaleta bakuli, moto unawaka katikati, Gicheru akieleza kwa kipaza sauti mambo ya Hawaii. Nikaweka mirija minne. Mzee Wakonyo akachukua mmoja, akaupima kwa mkono wake, akaugeuza, akatazama pale ulipokatwa. Penyewe bado peupe.

“Nani alikata mrija huu?”

Gicheru alikuwa karibu. Ningeweza kumwonyesha kwa kidole tu. Lakini msumeno nilishika mimi.

“Ni mimi, mzee. Sikujua.”

Alimtazama Wanyonyi. Wanyonyi alitazama maji. Wangila alikuwa anatazama mikono yake. Mbele ya watu wote hao, na muziki, sijawahi kuwa peke yangu namna ile, hata usiku wa vyura.

Kisha mzee Wakonyo akajaribu kunywa akiwa ameegemea kiti, alivyozoea kwenye duara. Haufiki. Akainama. Haufiki. Akaushusha.

“Basi sogeeni,” akasema. “Huu unataka watu wa karibu.”

Wakavuta viti. Kelele ya miguu ya viti kwenye mbao, meza ya jirani ikageuka kutazama. Wakakaribiana hadi magoti yakagusana, wazee wawili, vichwa karibu vigongane juu ya ule moto. Wakonyo akavuta. Akakunja uso. Akasema ni dawa ya kikohozi, akavuta tena.

Mimi nikasema naitwa kwenye kaunta. Hakuna aliyekuwa ananiita. Nikaja huku.

Sasa Wangila ameinuka. Nilidhani anaondoka. Ameenda ukutani, amefungua katani, anatoa kipande kimoja kimoja. Gicheru ameenda kumzuia, akaona uso wake, akarudi. Kipande chenye pete amekipata. Amekibeba mezani. Amechukua ile mirija miwili iliyobaki kwenye bakuli, anajaribu upi unalingana nacho. Amepata.

Amevuta kiti kitupu, amekiweka kati yake na Wakonyo. Kile kipande chenye pete amekilaza juu ya kiti. Ule mfupi ameurudisha kwenye bakuli, na ameushikilia kwa vidole viwili usianguke, kwa sababu hauna mtu. Hanywi. Ni mtu wa kanisa. Ameshikilia tu.

Ananitazama.

Moto wa bakuli umeanza kupungua. Nasimiyu amepita na trei, amesema kaunta ataiangalia yeye. Mzee Wanyonyi amesogeza fimbo yake kutoka njiani. Wangila hajabadilisha mkono.

Na mimi nafuta glasi. Naandika, nafuta glasi. Ni hii hii moja tangu waketi. Imekauka kitambo.