Shangazi Amefika Lusangi

Kasongo, tarehe 4 Agosti 2024

Mupendwa ndugu yangu Yves,

Nakusalimia salamu za asubuhi na za jioni, uchague mwenyewe saa ya kusoma. Mugongo wako unaendeleaje? Na ile baridi ya Lubumbashi, bado inakuuma mifupa? Sisi huku tuko wazima. Vumbi la kiangazi limeingia mpaka ndani ya sufuria, lakini mupunga uko ghalani, na shemeji yako Roger anakohoa kidogo tu, kikohozi cha kujitakia, cha tumbako.

Sasa kaa vizuri. Kama umesimama, tafuta kiti. Binti yako Naomie iko kwa bwana wake, kule Lusangi, na aliyemufikisha ni mimi! Mimi dada yako Anastasie, niliyekuwa nikisikia pikipiki inapita barabarani naingia ndani. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi mwenyewe nacheka tangu nirudi.

Muzigo wenyewe unaujua. Mama yake Naomie tulimuzika, wewe kazi ya reli haikuachii, na shangazi aliyebaki ni mumoja. Kwetu binti hafiki kwa wakwe peke yake. Shangazi anamupeleka, anamimina maji kwenye mikono ya mama mukwe mbele ya watu wote, anasema maneno yake, ndipo binti anakaa. Shangazi asipofika, siku wakigombana ile nyumba itamuambia: nyamaza, wewe huna watu. Neno hilo linamufuata mwanamuke mpaka uzee wake. Mutoto niliyemulea kwa mikono yangu, aambiwe hivyo kwa sababu yangu? Hilo lilikuwa linaninyima raha.

Na moyo wangu, tangu mwaka ule wa vita, tulipokimbia kwa miguu njia ya Kabambare, haujatulia. Unaanza kupiga bila sababu, vidole vinakuwa baridi, pumzi inakata, nasema leo nakufa. Walinipima presha: nzuri. Wakaniombea: amina. Wengine wakasema nimerogwa, hata jina la muchawi walikuwa nalo tayari. Miaka yote hiyo sikutoka Kasongo.

Dawa ya kwanza nilijinunulia mwenyewe. Jirani yangu Olga alinionyesha kidonge kidogo, akasema unameza, moyo unalala. Kweli ulilala! Na mimi nikalala nao. Mupunga ulikuwa unaiva, niko shambani kufukuza ndege, nimekaa ndani ya kibanda na kamba ya makopo mukononi. Roger ndiye aliniamsha. Ndege walikuwa wamekula upande wote wa bondeni, na wengine, nakuapia, walikuwa wanatembea karibu na miguu yangu bila haraka. Roger hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, ndege wanashukuru sana dawa yako." Nilikasirika, halafu nikalia, halafu tukaenda hospitali.

Huko tulimukuta daktari mwanamuke, Esther-Divine, kijana, mupole wa sauti lakini hapindishi neno. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema ni ugonjwa wa wasiwasi, unajulikana, watu wengi wanao, na unatibika. Kisha akaniuliza nataka dawa inisaidie kufanya nini. Yves, hakuna mutu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamujibu: kufika Lusangi na kusema.

Basi tukaanza kulinganisha dawa, sawa vile watu wanaochagua kitambaa cha kikwembe. Ile ya usingizi, alisema, inatuliza haraka, lakini mwili unaizoea, kesho unataka mbili, na kwa mutu wa shamba, wa moto na wa safari iko hatari. Hiyo ndege walikuwa wamekwisha kunifundisha. Ya pili ni ya zamani, ya jioni. Inasaidia, lakini inaweza kukausha kinywa na kufunga choo. Nikamuambia, daktari, shangazi wa kinywa kikavu atasema nini mbele ya wakwe? Alicheka mpaka akavua miwani.

Ya tatu ni ya kila asubuhi. Hiyo haina haraka, inataka wiki kadhaa. Mwanzoni inaweza kuleta kichefuchefu, hata wasiwasi kuongezeka kidogo kabla ya kupungua. Na tena, hapo alimuangalia Roger, inaweza kupunguza hamu ya mambo ya chumbani. Roger akaangalia dari. Lakini ikikaa, inakaa, na haiachwi ghafla hata ukijisikia muzima, unaacha kwa kushauriana naye. Pamoja na kidonge, niwe nakuja kuzungumza, nijifunze kupumua, na niizoee pikipiki kidogo kidogo. Nikachagua hiyo. Roger akasema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye anakubali.

Sasa sikia maajabu. Kichefuchefu kilikuja kweli. Mawese yakichemka, natoka mbio. Natema mate, sombe ya majani ya mihogo sitaki, samaki sitaki. Mama mukwe wangu, Mama Marguerite, aliniangalia, akatabasamu peke yake, kesho yake akaninyang'anya muchi: "Acha, nitatwanga mimi." Nikafikiri ni huruma. Kumbe! Kwa umri wangu huu, watoto wamenipita urefu, mutaa muzima unasema Anastasie iko na mimba! Wanawake wa kwaya wananiletea udongo wa kutafuna. Na Roger, aliyejua kila kitu, anapokea pongezi, anatembea kifua mbele, ananyamaza. Wanaume!

Mimi pia nilinyamaza. Nilisema moyoni, heri waseme mimba kuliko waseme kichwa changu kimeharibika. Aka, nilijiponza. Mama Marguerite aliona vidonge vyangu, akasema dawa kali itamuumiza mujukuu, akavificha ndani ya kikapu cha mupunga. Nilitafuta nyumba yote. Nilipouliza, kila mutu anasema hajaviona. Muda si muda kizunguzungu, halafu moyo ukarudi kwa nguvu. Wanawake wa kwaya walinikuta kisimani, nimekaa chini, nashika kifua, siwezi hata kujibu salamu. Wakanibeba mpaka nyumbani, na Mama Marguerite akaanza kumulilia mujukuu.

Hapo nikachoka kuficha. Nikasema mbele yao wote: hakuna mutoto. Iko ugonjwa wa wasiwasi, iko dawa yake, na dawa yenyewe imepotea humu ndani. Mumoja alibaki ameshika udongo wake mukononi. Mama Marguerite alisimama, akaingia ghalani, akarudi na vidonge, punje za mupunga zimeshikamana navyo. Akakaa karibu yangu na kusema, "Mwanangu, kitu hicho cha kifuani ninacho tangu ujana wangu. Sikujua kama kina dawa." Tulilia, mimi naye, tukishikana mikono. Siku hizi yeye pia anaenda kuzungumza na daktari Esther-Divine, na wanaelewana kuliko mimi.

Daktari alinionyesha namna ya kuanza tena. Tangu hapo kila asubuhi Mama Marguerite anapaza sauti uani, "Anastasie, umemeza?" Mutaa wote unasikia. Kichefuchefu kilikwisha. Kumebaki kutetemeka kidogo kwa mikono na ndoto za ajabu, na kuhusu yale mambo ya Roger, tunashauriana, hayakuhusu.

Pikipiki nayo niliianza kwa kuikalia imezimwa, watoto wananicheka. Halafu mpaka sokoni, halafu mpaka mutoni na kurudi. Mwezi uliopita Blaise, dereva wetu, akanipandisha mimi, Naomie na sanduku lake, tukashika njia ya Kabambare. Nilifumba macho, nikafumbua. Nilikuwa naiona ile njia, Yves, na ilikuwa ni njia tu, iko mihogo pembeni na watu wanaosalimia.

Karibu na kufika moyo ulinishika. Nikamuambia Blaise asimame, nikashuka, nikapumua kama nilivyofundishwa, nikishika muti. Naomie aliniangalia, macho yamejaa machozi: "Shangazi, turudi?" Nikamujibu, "Turudi wapi, na mahari tumekwisha kula?" Akacheka, na mimi nikacheka, nikapanda tena.

Kwa wakwe uwanja ulikuwa umejaa. Wakanipa birika. Mikono ikaanza kucheza, maji yakamurukia mama mukwe wa Naomie mpaka kwenye kikwembe chake kipya, na watu wakaanza kunong'onezana. Zamani ningekimbia. Lakini kinywa changu kilikuwa na mate ya kutosha! Nikasema kwa sauti: "Mama, mikono hii inatetemeka. Nilikuwa na ugonjwa wa woga, na natumia dawa. Imetetemeka tangu Kasongo na imefika hapa. Siku mukimuonea mutoto huyu, mujue njia ya kuja inaijua."

Vigelegele vilipigwa mpaka kuku wakakimbia. Baba mukwe, muzee asiyesema sana, alisimama na kumushika Naomie bega. Akawaambia watu wake: "Mumesikia? Huyu iko na watu."

Basi nisalimie bibi yako wa sasa, Pascaline, na watoto wote, na Héritier umuambie shangazi wake sasa anapanda pikipiki kuliko yeye. Roger anakusalimia. Mungu alinde mugongo wako na akulete kwetu kabla Naomie hajatupatia mujukuu, safari hii wa kweli.

Naishia hapa, kwa sababu jua limetoka na uani nasikia nikiulizwa. Nimemeza, mama! Nimemeza!

Dada yako akupendaye sana,
Anastasie