Aliyeibiwa Ndiye Mshtakiwa

Oklahoma, 6 Machi 2022

Kwa mwanangu Twyla,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mgongo ni uleule. Wewe na baridi ya Denver mnaendeleaje?

Hapa nyumbani kaingia mwizi. Alichukua bunduki ya marehemu mama yako, ile ya kuwindia kulungu. Niliripoti polisi siku ileile, na mwizi kapatikana: Dwight, kijana wa jirani zetu akina Pruitt, alikuwa akiinadi kwenye kituo cha mafuta. Kisha akaja afisa wa serikali ya shirikisho kuniuliza maswali. Mwizi aliingiaje nisimsikie? Nikamwambia nilikuwa uani, navuta bangi yangu ya mgongo. "Unavuta kila siku?" Kila siku, nikamjibu, nikamwonyesha na kadi ya daktari. Akanisifu kwa ukweli wangu. Bunduki bado hajairudisha.

Babako, Orville.

Denver, 14 Machi 2022

Baba mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta salama. Mimi sijambo, ila umenitoa jasho.

Baba, si ungenyamaza tu! Jimbo lako linaruhusu bangi kwa kadi, lakini sheria ya shirikisho inasema anayevuta asimiliki bunduki, awe na kadi au asiwe nayo. Ulikuwa unalalamika kuibiwa, ukaishia kujishtaki mwenyewe! Tafuta wakili leo, na mdomo uufunge.

Mwanao, Twyla.

Oklahoma, 2 Juni 2022

Kwa mwanangu,

Hujambo? Mimi nipo, hasira ndiyo inayonisimamisha.

Ulisema kweli. Nimeshtakiwa, na bunduki zangu nyingine zimebebwa zote. Wakili wangu anasema nikikiri nitapata kifungo cha nje, ila sitashika tena bunduki maisha yangu yote, na bangi yangu ya mgongo ndiyo basi. Nikikataa kisha nikashindwa, ni jela.

Nikiri nini? Nimemwibia nani? Dwight alikaa kidogo jela ya kaunti, katoka. Jana kanikuta dukani, akanipa mkono: "Mzee Orville, pole na kesi." Pole! Nusura nimtwange na mkebe wa maharage.

Sikiri ng'o. Baraza la wazee wa mahakama, wale raia wanaoamua kesi, litakuwa la watu wa huku huku. Nusu yao wanavuta na wote wanawinda. Acha wanisikilize.

Babako.

Denver, 20 Juni 2022

Baba,

U hali gani? Mgongo je?

Nakuomba ukiri. Una miaka sabini na moja! Hao watu wa baraza wataulizwa jambo moja tu: alivuta, na bunduki alikuwa nazo? Nawe umeshajibu. Ukaidi wako ulimchosha mama, sasa unanichosha mimi. Sitaki kuzungumza nawe kupitia kioo cha jela.

Mwanao.

Denver, 30 Agosti 2022

Baba,

Sijui hata kama u mzima, maana hujanijibu tangu Juni.

Leo nimeletewa samansi. Upande wa mashtaka wananitaka niwe shahidi wao. Wanajua ni mimi niliyekupeleka kununua bangi baada ya upasuaji wako wa mgongo. Nimemuuliza wakili, anasema mtoto hawezi kukataa kutoa ushahidi dhidi ya mzazi wake. Nikiapa siwezi kusema uongo, Baba. Ulinilea hivyo, na leo naudhika kwamba ulinilea hivyo. Nitasimama pale nikufunge kwa mdomo wangu?

Mwanao, Twyla.

Oklahoma, 19 Septemba 2022

Kwa Twyla mwanangu,

Salamu. Mgongo unauma sana, maana dawa nimeshaacha. Samahani kwa kimya, nilikuwa nimenuna.

Tulia. Hutaitwa tena. Nilikiri Ijumaa, kabla wakili hajamaliza kahawa yake. Hukumu bado, lakini wamekubaliana kifungo cha nje. Novemba, msimu wa kuwinda, njoo, ila bunduki yako iache Denver, siruhusiwi kukaa nayo nyumba moja. Tutakula mkate wa mahindi na kutazama kulungu wakipita.

Hakimu aliniuliza, "Kuna mtu yeyote aliyekulazimisha kukiri?" Nikamtazama mwendesha mashtaka, aliyekuandikia wewe samansi. Naye alikuwa akinitazama.

Nikasema, "Hapana, mheshimiwa."

Tangu mambo haya yaanze huo ndio uongo pekee niliousema, nao ndio ulionirudisha nyumbani.

Babako.