Siku Zaituni Alipomwokoa Baba Mkwe Bila Kumtazama

Kawetele, Tukuyu
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu mpendwa Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Naanza na mgongo wako, maana katika barua yako umeandika habari za kila mtu hapo Kondoa, hadi mbuzi wa jirani, ila mgongo wako umeuruka. Najua maana yake. Nieleze kama ile dawa ya kuchua imesaidia, na nani anakuchotea maji. Mama naye anakula? Mvua imewanyeshea, au mtama ndio umeshanyauka? Mimi mzima kabisa, nimenenepa kwa ndizi na maziwa, nguo tu ndizo hazikauki. Mvua ya huku haiulizi msimu. Lile sweta la mitumba ulilonitumia nalivaa hadi kitandani, na wanafunzi wangu wamelizoea kuliko sura yangu.

Leo nakuandikia nikiwa na furaha ya kupasuka. Nimeshinda, dada! Uhamisho sijapata, cheo sijapata, lakini nimeshinda kwa hadithi. Tulia nikueleze, na usianze kucheka kabla sijafika penyewe.

Unajua magazeti yalivyo mengi siku hizi, kila ukiamka limezuka jipya. Huku linalopendwa ni lile lenye hadithi ya picha ya Sajini Mabruki, polisi mstaafu mwenye jicho moja bovu anayewasaka walanguzi. Na kwenye redio watu wanampenda Zaituni, yule mwanamke dereva wa lori, ambaye najua hata wewe humkosi. Shida ni kwamba gazeti hufika nakala chache, na betri za redio si za kila nyumba. Ndipo nikaanza kusoma kwa sauti kila Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kanisa mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu, usidhani nimehamia pwani. Nasoma gazeti, kisha aliyesikiliza redio anawasimulia wenzake. Ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha video, lakini kule ni wanaume wanasukumana mlangoni. Kina mama wakitoka sokoni hawana pa kukaa wakacheka isipokuwa kwetu. Na kwangu mimi ndiyo siku pekee katika wiki ninayosahau kwamba niko mbali nanyi.

Ufunguo wa ukumbi anao Mzee Mwambungu, mzee wa kanisa, ambaye pia ndiye mwenye nyumba wangu. Mimi Mwislamu, yeye mzee wa kanisa, na tumeshibana. Kila Jumamosi hukaa benchi la mbele, kofia magotini.

Siku moja mtu akauliza ukumbini, hivi Sajini na Zaituni wakikutana itakuwaje? Ikawa balaa. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wakaanza kuandika, kila mmoja na hadithi yake ya kuwakutanisha, nami nikazisoma hadi macho yakaniuma. Dada, zote ni moja! Radi inapiga, Zaituni anatoka redioni na kuangukia gazetini. Wakionana tu wanapigana, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye jambazi, halafu katikati ya ngumi Sajini anaona alama ya kuzaliwa begani kwa Zaituni: kumbe ni binti yake aliyeibwa akiwa mchanga! Majambazi wa hadithi zote mbili nao wanakutana pangoni na kucheka, ha ha ha, ukurasa mzima wa kucheka tu. Mtu akigongwa kichwani anasahau jina lake mpaka agongwe tena, na aliyekufa kumbe alikuwa pacha wake. Na mwandishi akikwama anaandika, mara nikaamka, kumbe ilikuwa ndoto. Hapo mimi huweka alama ya kosa hadi kalamu inatoboa karatasi.

Basi nikajigamba darasani kwamba nitaandika ya kwangu, isiyo na radi wala pacha wala ndoto. Ungekuwepo ungenifinya.

Na nilianza vizuri, usinibishie. Lori la Zaituni limekwama kwenye matope Isongole, limejaa viazi, na mtoto wa Sajini, Hamza, anakuja kulisukuma. Wakapendana. Ili watu wa huku wajisikie wamo, nikaweka mahari ya huku: ng'ombe wakaswagwa hadi kwa kina Zaituni, wazee wakawakagua, watu wakala na kunywa. Kina mama ukumbini wakawa wanabishana ng'ombe yupi alikuwa mnono zaidi. Nikajiona mwandishi.

Jumamosi iliyofuata ikaja sehemu ya hatari. Majambazi wamemteka Sajini na kumfungia kwenye ghala la viazi. Zaituni anavunja mlango, anambeba mzee mgongoni, anamlaza kwenye kiti cha mbele cha lori, anampiga vibao vya mashavuni huku akiita, "Mabruki! Mabruki, fumbua macho!" Nikanyamaza kidogo nipate makofi.

Makofi hayakuja. Kina mama wameziba midomo. Bibi mmoja akajifunika kanga usoni, akatoka nje. Kisha sauti ya huzuni ikatoka nyuma, "Mwalimu, mbona umewaaibisha hivyo watu wazima?"

Sikujua, dada. Kumbe kwa Wanyakyusa mke wa mtu na baba wa mume wake hawaonani. Hawatazamani usoni, hawagusani, na mkwe halitamki jina la mzee. Wa mjini wengi wameshaacha, lakini kwa wazee bado ni jambo zito, na hata walioacha hawapendi lichezewe mbele ya watu. Hapa nyumbani namwona Tumpe, mke wa mwanawe Mzee Mwambungu, akichepuka kwenye migomba kila mzee akitokea, nami siku zote nikadhani ni haya za kike tu.

Nikajitetea. Nikasema hawa si Wanyakyusa, mmoja ni wa gazeti na mwingine wa redio. Mzee Mwambungu akasimama.

"Mwalimu, ng'ombe walitoka?"

"Walitoka, mzee."

"Wazee wakawapokea?"

"Wakawapokea."

"Basi yule ni mkwe. Ulimwoza mwenyewe, na sisi tulikaa hapa hapa tukishuhudia." Watu wakacheka kidogo, yeye hakucheka. "Nakupa Jumamosi moja. Uwatoe pale ulipowaweka, kila mtu na heshima yake. Ukishindwa, ufunguo nautia mfukoni na kusoma kumekwisha."

Wiki ile niliwaza wale kina mama watakwenda wapi, na mimi mwenyewe Jumamosi nitakuwa mtu wa kukaa chumbani nikihesabu matone ya bati. Na hapo ndipo, kwa aibu kubwa, mimi niliyewacheka watoto nikaanza kuvinyemelea vile vile vitu vyao. Kila nikipata kimoja nilimpelekea Tumpe, akiwa anamenya ndizi nyuma ya nyumba. Tumpe hajawahi kuingia ukumbini, kwa sababu baba mkwe yumo. Husikilizia chini ya dirisha, mtoto mgongoni, mvua ikimnyeshea, na hadithi nzima anaijua kuliko mimi.

"Tumpe, je, Zaituni akigongwa kichwani akasahau kama ameolewa?"

"Amesahau yeye. Waliomwona je?"

"Aliyembeba mzee si Zaituni, ni pacha wake."

"Ati pacha! Pacha wa mkwe naye si mkwe tu?"

"Basi Hamza si mtoto wa Sajini, aliokotwa."

"Hapo ng'ombe warudi. Utaweza kuwaswaga tena wale wote?"

Nikabaki na la mwisho. Dada, nisamehe, nililisema. "Ilikuwa ndoto."

Tumpe akaacha kumenya. "Mwalimu, wewe ukiota umembeba baba mkwe, utakuja kumsimulia nani?"

Nilicheka hadi nikaegemea ukuta, lakini moyoni nilikuwa nimekwisha. Hakuna hila hata moja iliyopona mbele ya desturi ile. Na kweli hila zote zile kazi yake ni moja, kumtoa mwandishi kwenye shida bila kuitatua.

Mara Mzee Mwambungu akatokea njiani. Tumpe akateleza nyuma ya mgomba kama kawaida, na nikamsikia akimfokea kuku, kwa sauti ya kufika barabarani, "Wewe kuku, unazurura tu, hata huoni ndama amekata kamba yuko kwenye mahindi ya watu!" Mzee hakugeuza shingo. Akaiambia fimbo yake, "Haya fimbo, twende tukamfunge ndama." Akaenda.

Kumbe ndivyo wanavyosemezana, kila mmoja akikiambia kitu kingine! Mambo haya yamekuwa yakipita mbele yangu kila siku! Nikamkumbatia Tumpe na maganda yake ya ndizi, nikakimbilia chumbani kuandika.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama. Wengine walitoka kwenye video umeme ulipokatika, sitaki kukudanganya. Nikasoma.

Zaituni amefika ghalani. Anamsikia mzee akikohoa ndani, anasimama palepale, hasogei. Mlangoni yuko jambazi mkuu, mtu wa mjini asiyejua mila ya mtu. Zaituni akajibanza nyuma ya lori lake na kuliambia, "Wewe lori, umenileta hapa, sasa niambie pa kupitia." Ndani, Sajini akaiambia nguzo aliyofungwa, "Nguzo, mlango una mlinzi, lakini ukuta wa nyuma ni wa udongo na mvua imeulainisha." Jambazi akachanganyikiwa. Huyu Lori ni nani? Nguzo ni nani? Wako wangapi? Akakimbilia vichakani na bunduki yake akipiga kelele, "Nguzo, jitokeze, nimeshakuona!"

Hapo ukumbi ulikwisha, dada. Mzee mmoja alianguka na benchi lake. Nilingoja hadi nikachoka kungoja.

Zaituni akapanda, akageuza vioo vya pembeni vitazame mawingu, akarudisha lori nyuma kwa kusikiliza tu. "Bado, nguzo, bado kidogo," Sajini anasema. "Hapo hapo!" Ukuta ukaporomoka, nguzo ikalala, kamba zikalegea. Sajini akapanda nyuma kwenye magunia, akakaa akitazama walikotoka. Jambazi aliporudi mbio alikutana na gunia la viazi likishuka, na la pili, na la tatu. Wakamwacha amelala chini ya mavuno. Lori likateremka kuelekea Tukuyu, mkwe mbele macho barabarani, mzee nyuma macho mlimani, wala hawakuonana hata kivuli. Walipofika karibu na kituo cha polisi, Sajini akaliwekea mkono gunia lililobaki, akaliambia kwa sauti ya kusikika mbele, "Wewe gunia, mwanangu ameoa."

Nikafunga karatasi.

Dada, vigelegele! Kina mama walisimama juu ya mabenchi. Yule bibi aliyetoka na kanga usoni alinishika mikono yote miwili akatikisa hadi karatasi zikaanguka. Wanafunzi wangu walikuwa wanapiga kelele "Nguzo! Nguzo!" kana kwamba timu yao imefunga bao. Mimi nikalia mbele za watu, na sikujali.

Kisha Mzee Mwambungu akasimama. Ufunguo alikuwa nao mkononi. Hakunitazama mimi, wala hakutazama dirishani. Aliugeukia ubao wa kuandikia.

"Ubao," akasema, "Jumamosi ijayo mimi nitakaa varandani. Nimezeeka, humu ndani joto." Joto, dada, Tukuyu! "Kama kuna mtu amezoea kusikilizia dirishani, aingie, akae kwenye benchi."

Halafu kutoka nje, chini ya dirisha, ikaja sauti ndogo ya Tumpe, kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, dirisha." Maana yake, asante sana.

Na jana ndiyo ilikuwa hiyo Jumamosi. Mzee alikaa varandani amevaa koti lake zito, mgongo kwetu, uso barabarani. Tumpe aliingia kwa mlango wa nyuma amevaa kitenge kipya, mtoto mgongoni, akakaa mbele kabisa, mahali ambapo hakuna mvua. Nilipofungua gazeti nilishindwa kuanza, nilikuwa namwangalia yeye tu jinsi anavyotazama ukuta, taa na watu, na kutabasamu.

Nisalimie mama, mwambie nakula vizuri na nasali. Nisalimie shemeji, na asikuache ubebe ndoo. Mjomba mfuga nyuki mwambie asali yake huku imenipa sifa. Shangazi aliyesema ualimu wa mbali utanikausha mwambie aje anione nilivyonona. Watoto wako wabusu wote, hasa yule mdogo asiyependa kubusiwa.

Na uwasimulie jinsi nilivyoanza jana hatimaye. Sikuanza kwa ushujaa wangu. Mvua ilikuwa imekolea juu ya bati, mimi nimeduwaa na gazeti mkononi, ndipo ikaja sauti nzito kutoka varandani, "Wewe mlango! Mwambie mwalimu apaze sauti, huku nje tunataka kusikia sote."

Nikapaza.

Mdogo wako akupendaye,
Asha